Zamu ya Kumlisha Askari

Siku moja ninayoikumbuka hata leo, mwanangu, ni ile ambayo mama mkwe wangu alisimama katikati ya nyavu za omena, mkono mmoja kiunoni, akawatangazia wanawake wote wa ufuo wetu kwamba yeyote anayetaka mtoto wa mbwa wake sharti kwanza amlishe mbwa mwenyewe, tangu tumbo lianze kuonekana mpaka vitoto viweze kujilia. Watu walicheka sana. Mimi pia nilicheka. Sikuwa na miaka mingi pale nyumbani, na mke mgeni hucheka wenzake wanapocheka, hata kama hajaelewa.

Nakupa habari hii kwa sababu ulinipigia simu kuniuliza kama yule jike wenu, yule mweupe anayelala kwenye kochi utadhani yeye ndiye aliyelinunua, mumpandishe au mumwache. Ulisema watoto wako wanataka kuona vitoto vya mbwa, jirani ameomba kimoja, mchungaji ameomba kimoja, na bosi wako wa kazini ameomba viwili. Nilisikia yote. Sikukujibu kwa sababu jibu langu ni refu, na wewe salio lako huisha kila tunapofika pazuri. Sasa kaa usikilize, na ukichoka, pumzika kisha urudi.

Ilikuwa miaka ya tisini. Mimi nilitoka Rangwe, kwa watu wa mahindi na ng'ombe, nikaolewa huku ziwani upande wa Mbita, kwa watu wa samaki. Jina langu nililiacha kwetu. Huku niliitwa Nyar Rangwe, yaani binti wa Rangwe, na wako watu nimezeeka nao ambao hawajui nina jina lingine. Mama mkwe wangu, nyanya yako, aliitwa Min Okello, mama yake Okello, kwa kuwa Okello ndiye kifungua mimba wake. Huyo baba yako mkubwa alikuwa akichimba dhahabu kule Osiri, Migori, nasi tulimwona wakati wa Krismasi na wakati wa mazishi. Baba yako ndiye aliyebaki nyumbani, akivua usiku na kulala mchana.

Kazi ya Min Okello ilikuwa omena, wale dagaa wadogo wa ziwani. Asubuhi mashua zikifika alinunua makarai yake, akatandaza nyavu kuukuu mchangani, akaimwaga omena na kuieneza kwa kiganja, akaketi kuilinda hadi ikauke. Jioni wachuuzi wa kutoka mjini Homa Bay waliichukua. Ndivyo alivyowasomesha watoto wake baada ya kufiwa na mume, na ndivyo alivyokuwa anakula bila kumwomba mtu chumvi. Alijivunia jambo hilo, na alikuwa na haki ya kujivunia.

Lakini macho yake yalikuwa yameanza kufunga. Ukungu, alisema, kama moshi wa jikoni usiotoka. Mtu aliyesimama mbele yake alimwona umbo tu. Mashua alizijua kwa sauti za wavuvi, na omena ilipokauka aliijua kwa vidole. Kitu ambacho hakukiona kabisa ni ndege. Yangeyange hatui kwa kelele. Huja na miguu yake mirefu, akatembea juu ya wavu wako kama mkaguzi, na ukija kushtuka, robo ya karai haipo.

Kazi hiyo ya kuona ilifanywa na Askari. Askari alikuwa jike wa kahawia, si mkubwa, sikio moja limechanika, na alikuwa mbwa wa nyumbani kabisa, amelelewa jikoni tangu hajafungua macho. Alilala pembeni mwa wavu. Ndege akitua, alinyanyuka bila kubweka, akamwendea polepole, ndege akaondoka, naye akarudi kulala. Kuku vivyo hivyo, na mbuzi, na mbwa wenzake. Alikuwa akilinda omena kutwa nzima, na omena yenyewe hakuigusa.

Wewe umekaa mjini miaka mingi, huenda umesahau uzito wa jambo hilo. Harufu ya omena inayokauka humwita kila mbwa aliye na pua. Ndiyo maana ufuo wetu ulikuwa na sheria, na wanawake wenyewe ndio walioitunga, Min Okello akiwa mmoja wao alipokuwa na nguvu zake. Mbwa akila omena kwenye wavu wa mtu, hata mara moja, mwenyewe anamwondoa ufuoni na harudi tena. Akirudi, vijana wanamwendea na rungu. Sheria hiyo haikuwa na mjadala. Nilikwisha kuona mbwa wa watu wazito wakienda hivyo.

Basi sifa za Askari zilivuma. Mtu akija kununua omena, lazima aonyeshwe mbwa. Na kila aliyeonyeshwa alisema neno lile lile: Min Okello, akizaa niwekee mmoja. Wachuuzi walisema, wavuvi walisema, mwalimu wa kwaya naye alisema. Aliyesema zaidi ya wote ni Konsolata, mwanamke mwenye biashara kubwa na sauti kubwa zaidi, ambaye wavu wake ulikuwa jirani na wetu. Kila asubuhi alimpapasa Askari kichwani akamwita mkwe wangu.

Siku moja nilimwuliza Min Okello alimfundishaje. Nilitegemea aniambie habari ya fimbo au dawa. Aliniangalia, au aliangalia upande wangu, akasema hakumfundisha kitu. Kila asubuhi, kabla yeye mwenyewe hajanywa chai, alimsongea Askari ugali, akamchanganyia na mchuzi wa samaki, na mbwa alikula mpaka akabakisha.

"Huyu hajawahi kufika hapa na njaa," alisema. "Akiwa na njaa atakuwa mbwa gani, sijui, na sitaki kujua."

Nilisikia maneno hayo nikayaona ya kawaida. Nilikuwa na mtoto mgongoni, dada yako huyo, na kichwa changu kilikuwa na mambo mengine.

Krismasi ikafika, na Okello akaja kutoka Osiri akiwa anavuta dume la mbwa kwa kamba. Lilikuwa jibwa jeusi, kifua kipana, la kulindia magunia yake ya mawe ya dhahabu yasichukuliwe kabla hayajasagwa. Akaketi na mama yake, akazungumza kwa adabu. Alisema, mama, Askari anazeeka, mdomo umeshaota mvi. Akifa nani atakulindia wavu? Mwache azae na huyu wangu. Ubakize kitoto kimoja kikue pembeni yake kijifunze kazi, mimi nichukue kimoja cha kulinda magunia, na hao wengine wanaoomba wapate. Mwanangu, yalikuwa maneno ya busara. Nataka ujue hivyo, usije ukafikiri tulikuwa wajinga. Hata leo nikiyapima maneno ya Okello sioni mahali yalipopinda.

Min Okello alikataa. Hakueleza sana. Aliuliza tu, nani atawalisha. Okello akasema watu wote hawa wanaoomba, mama, si watasaidia? Akaliacha dume lake nyumbani, akarudi Osiri kwa hasira kidogo. Wiki zikapita, Askari akaingia kwenye joto la kutaka dume, na bado mama mkwe alimfungia ndani ya jiko. Konsolata alikuja kumsihi. Baba yako naye akamsihi. Mimi nilisihi pia, kwa sauti ya chini, kama mke mgeni anavyosihi.

Halafu asubuhi moja, bila mtu kumwambia neno jipya, akafungua mlango wa jiko. Sikujua kilichombadilisha, na nilikaa muda mrefu bila kujua.

Ndipo ikaja siku ile ya tangazo. Tumbo la Askari lilikuwa limeanza kushuka. Min Okello alisimama kati ya nyavu akasema hatagawa kitoto kwa mdomo. Anayetaka achukue siku yake katika juma, alete chakula siku hiyo, na mwisho atapewa. Walipomaliza kucheka wakaanza kugombania siku. Konsolata akasema Jumatatu ni yangu, asiniingilie mtu. Mwalimu wa kwaya akachukua Jumatano. Siku zikajaa kwa mzaha na vigelegele, mpaka ikabaki Ijumaa.

"Ijumaa ni mimi," mtu akasema kwa nyuma.

Alikuwa Yunia. Tukageuka wote, kwa sababu Yunia na Min Okello walikuwa hawasalimiani. Waligombana zamani kwa ajili ya kipande cha mchanga karibu na jiwe kubwa, mahali ambapo omena hukauka haraka, Min Okello akabaki nacho, na ugomvi ule ulikuwa mkubwa kuliko kipande chenyewe. Yunia hakumtazama Min Okello aliposema. Min Okello naye hakugeuka. Akajibu tu kwamba Ijumaa imepata mwenyewe.

Ukweli usemwe, mwanzoni walileta. Walileta hata kupita kiasi. Bakuli la Jumatatu lilishindana na la Jumanne. Watu walichemsha mgongo wazi, ile mifupa ya mbuta inayobaki kiwandani wakishatoa minofu, wakachanganya na ugali mpaka mimi mwenyewe nikatamani. Askari akanenepa, manyoya yakang'aa. Akazaa nyuma ya ghala, vitoto vingi, vingine kahawia, vingine vyeusi kama lile jibwa la Osiri. Watu walikuja kuchagua, huyu akishika mguu huyu mkia, kila mmoja akitaja chake.

Vitoto vilikuwa havijafungua macho vizuri gugumaji lilipofika.

Hilo nadhani umesoma shuleni, lakini kulisoma na kuliona ni mambo mawili. Tuliamka tukakuta ziwa limekuwa shamba. Upepo ulilisukuma hilo gugu mpaka likafunga ghuba nzima, majani ya kijani na maua ya zambarau, mazuri ya kupigia picha, na chini yake mashua haipiti. Wavuvi walipotoka walirudi na mizizi. Omena iliyopatikana ilikuwa karai moja moja, na wanawake walilipigania karai hilo bila aibu. Baba yako alilala usiku na mchana, kwa sababu hakuwa na pa kwenda. Tulikuwa tunakula mara mbili, tukaanza kula mara moja.

Na wakati kama huo, nani atambebea mbwa wa mtu chakula? Konsolata alikosa Jumatatu ya kwanza kwa heshima zote, akatuma neno kwamba ijayo ataleta maradufu. Ijayo hakuleta wala hakutuma neno. Mwingine mtoto wake aliugua. Mwalimu wa kwaya alianza kupita njia ya juu, ile isiyopita kwetu. Siwalaumu, mwanangu, nami nilikuwa na sufuria yangu na nilijua sauti ya mwiko ukikwangua chini. Ninachosema ni kwamba siku zilibaki na majina yao, na bakuli halikuja.

Aliyekuja ni Yunia. Kila Ijumaa alifika na kibakuli kilichofunikwa, mara nyingine ni uji mwepesi tu, mara nyingine ni vichwa vya samaki. Alimwaga, akasimama kuwafukuza kuku mpaka Askari amalize, akachukua kibakuli chake akaenda. Hakusema hodi wala kwaheri. Siku nyingine zote Min Okello alimpa Askari nusu ya sahani yake. Nilimwambia, Mama, kula. Akasema ameshiba. Nilijua hajashiba, naye alijua najua, na tukaendelea hivyo.

Mbwa anayenyonyesha hana huruma na mwili wake. Mbavu za Askari zilitoka, manyoya yakamwagika mgongoni, tumbo likaning'inia tupu. Na bado kila asubuhi alimfuata Min Okello ufuoni, akalinda kile kidogo kilichokuwapo, akaenda kunyonyesha, akarudi. Hatukumwita. Alikuwa anakuja mwenyewe.

Siku moja upepo ukageuka, gugumaji likafungua njia, mashua zikatoka. Asubuhi ile omena ilikuja kama zamani. Ufuo mzima ulitandazwa, jua lilikuwa kali, watu walizungumza kwa sauti kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu. Mimi nilikuwa nageuza omena yetu kwa mkono. Min Okello aliketi kwenye kigoda chake, na Askari alilala pembeni.

Nikaona Askari amenyanyuka. Nikafikiri ni ndege, nikatazama, ndege hayupo. Akapita kando ya wavu wetu bila kuinamisha kichwa. Akaupita wa Konsolata. Akaenda moja kwa moja mpaka wavu wa Yunia, akainama, akaanza kula.

Hakuiba, mwanangu. Nimewaona mbwa wakiiba, hunyakua na kukimbia. Huyu alikula taratibu, kama anayekula kwenye bakuli lake. Kwa majuma mengi mkono pekee uliompa chakula kutoka nje ya nyumba yetu ulikuwa wa Yunia, na nadhani omena ile ilinukia mkono ule. Hivyo ndivyo nilivyoelewa, na sijapata maelezo mengine.

Mazungumzo yalikatika ufuo mzima. Min Okello akainua uso.

"Nyar Rangwe," akaniita, "mbona watu wamenyamaza?"

Nilijifanya nageuza omena. Akaniuliza tena, safari hii kwa sauti ya chini, kwa hiyo nadhani alikuwa ameshajua. Nikamwambia Askari anakula kwa Yunia. Alishika magoti yake kwa mikono miwili. Mpaka leo sijapenda kukumbuka ile mikono.

Wanawake walikusanyika. Konsolata ndiye aliyezungumza kwanza na kwa nguvu, akaikumbusha sheria, akasema sheria haiangalii mwenye mbwa ni nani. Wengine wakaitikia. Kuna aliyewaita vijana. Min Okello alikuwa ameshamfikia Askari kwa kufuata sauti zao, akamshika ngozi ya shingo, akasimama naye. Hakubishana. Alisema tu sheria anaijua. Mimi nilikuwa nyuma yake, na nilielewa jambo ambalo wengine hawakutaka kulitaja: Askari akiondoka ufuoni, Min Okello naye ameondoka. Hakuna mwanamke asiyeona ndege anayeweza kukausha omena. Angekaa nyumbani kungojea sahani ya wake wa wanawe, yeye ambaye hakuwahi kuomba chumvi.

Ndipo mtu akasema mwenye omena hajasikika. Wakampisha Yunia. Akautazama wavu wake, palipokuwa na pengo. Kisha akawageukia wenzake.

"Omena ni yangu," alisema. "Mimi Ijumaa nilimlisha. Jumatatu alikula kwa nani?"

Konsolata akajitia kuangalia wavu wake.

"Jumanne alikula kwa nani? Jumatano?"

Alizitaja siku zote, na kila siku aliisubiri ijibu. Hata wale vijana waliokuja na rungu walianza kuangalia ziwa.

"Basi amerudi anakolishwa," Yunia akasema. "Sina kesi naye."

Mwanangu, ungewaona walivyogeuka. Wa kwanza kusema asamehewe ni Konsolata huyo huyo. Wote wakasema asamehewe, tena waliharakisha kusema, kila mtu akitaka lake lisikike. Mmoja alikuwa tayari ameanza kutafuta ugali. Nilifikiri mambo yamekwisha vizuri.

Min Okello aliwashukuru mmoja mmoja kwa majina. Halafu akainama, akaanza kukunja wavu wake na omena mbichi ikiwa ndani. Akaniambia nilete karai. Akafungua kanga ya kiunoni, akachana upindo wake, akamfunga Askari shingoni. Sikuwahi kumwona mbwa yule akiwa na kamba.

Konsolata akamfuata akimwambia, lakini mama, tumesamehe.

"Mmesamehe, na asanteni," Min Okello akasema. "Lakini yeye ameshajua kwamba omena ya kwenye wavu inaliwa. Msamaha wenu hauwezi kumsahaulisha."

Tukaenda nyumbani, yeye ameshika kamba, mimi karai kichwani. Hakuketi tena kwenye wavu wake mwenyewe. Mahali pale karibu na jiwe nilipachukua mimi, na hiyo ndiyo omena iliyowasomesha nyinyi. Watu husema nilirithi. Mimi najua nilipataje, na sikuwahi kuketi pale bila uchungu kidogo.

Vile vitoto vilivyogombaniwa havikuja kuulizwa. Ghafla ikawa ni watoto wa mbwa mlaji omena, na nani atafuga hao ziwani? Okello alikuja akachukua vyeusi kwenye katoni akavipeleka Osiri, na habari zilizorudi zilikuwa kwamba kimoja kilifaa na vingine alivigawa kwa wachimbaji. Viwili vilikufa kwetu. Kimoja tulibaki nacho, na kazi yake kubwa maishani ilikuwa kula mayai ya kuku wangu. Yunia alikuja Ijumaa moja na kibakuli chake kama kawaida, akaondoka na kitoto kwapani. Baada ya hapo yeye na Min Okello wakawa wanasalimiana, salamu fupi. Askari mwenyewe aliishi miaka kadhaa akilala miguuni pa nyanya yako uani, mbwa mzuri tu wa nyumbani, na alikula asubuhi kabla ya mtu yeyote.

Muda ulipita. Siku moja tulikuwa tunamenya karanga, mimi na yeye, na wakati huo haoni hata umbo. Nikamwuliza lile swali nililolibeba. Nikamwambia, Mama, wewe ulijua. Ulijua mbwa yule anashikiliwa na shibe, na ulijua hawa watu. Kwa nini ulifungua mlango wa jiko?

Aliendelea kumenya.

"Macho yalipoanza kufunga, watu waliacha kuniuliza kitu," akasema. "Omena imekauka? Walimwuliza mwingine. Mvua itakuja? Walimwuliza mwingine. Halafu wakaanza kuja mmoja mmoja, Min Okello, niwekee mtoto wa Askari. Nilipenda kuombwa, Nyar Rangwe. Nilijua hawatamlisha, na bado nilipenda kuombwa."

Nikamsogezea karanga zaidi.

Sasa nasaha yangu ni hii, mwanangu, na naisema wazi ili usije ukadai nilizunguka. Mtu anayekuambia niwekee kimoja akiwa kwenye kochi lako na kikombe cha chai mkononi hajasema kitu bado. Usimpandishe mbwa kwa ajili ya maneno yake. Jiulize kama wewe peke yako, wote wakiingia mitini, utaweza kumlisha yule jike mpaka anyonyeshe amalize, umpeleke kwa daktari wa mifugo akiugua, na ukae na kila kitoto kitakachokosa nyumba, hata wale wa kula mayai. Kama unaweza, na mbwa ni mzima na hajazeeka, mpandishe, sitakuzuia. Kama huwezi, mwambie huyo daktari amfunge kizazi, watoto wako waende kuangalia vitoto vya mbwa vya watu wengine. Na usiniambie unataka kingine kinachofanana naye. Mbwa wako ni mpole kwa sababu ya jinsi mnavyokaa naye, na hilo halizaliwi tumboni.

Liko na lingine, na hili ndilo hasa lililonifanya nisikujibu kwenye simu. Uliponitajia mchungaji ameomba, na bosi wako sijui nani ameomba, nilisikia sauti yako ikinenepa. Nimekuzaa, naijua sauti yako. Kuombwa ni kutamu, mwanangu. Mwanamke mwenye akili kuliko wewe na mimi alilipia utamu huo kwa kazi yake ya maisha, na aliyepungukiwa chakula alikuwa mbwa, ambaye hakuwa ameombwa ruhusa na mtu. Kwa hiyo kabla hujawaambia ndiyo, hakikisha ile ndiyo si ya kujifurahisha wewe.

Mungu akutunze wewe na mkeo na hao wajukuu wangu. Kilicho chini ya dari yako kisilale na njaa, kiwe cha miguu miwili au minne. Na siku utakapomkatalia mtu mkubwa ombi lake dogo, Mungu akupe usingizi mzuri usiku huo, na asubuhi uamke huna deni moyoni.